Kwa mirathi ya binti, shehe na mwanaharakati hawako mbali

Shangazi yangu huuza mawese katika soko la Ruvumera, hapa Buyenzi. Huyafuata mwenyewe Rumonge, na siku ambazo njia ya Uvira ni shwari huvusha madumu kadhaa pale Gatumba na kurudi na vitenge. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mnamjua mtu wa namna hiyo, au ni nyinyi wenyewe. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, mtaji wake wote uligeuka majivu pamoja na wa wenzake wengi. Alipokwenda kuomba mkopo ili aanze upya, aliulizwa dhamana. Hati ya kiwanja anayo? Ya shamba je? Hana.

Baba yake, ambaye ni babu yangu, alikuwa na vyote viwili: kiwanja Buyenzi na shamba la michikichi upande wa Rumonge. Alipofariki, watoto wake watatu wa kiume waligawana, na binti yake wa pekee akaambiwa kwamba yeye ameolewa, kwake ni kwa mumewe. Babu alikuwa Mwislamu wa swala tano. Wazee waliokaa kugawa mali yake walitoka msikitini, kofia kichwani, na hakuna hata mmoja aliyefungua mlango wa mirathi katika vitabu vya dini. Waligawa kwa desturi, wakafunga kwa dua.

Mimi ni mtoto wa mmoja wa wale watatu. Nimekulia katika nyumba ile na hadi leo naishi humo. Mnisome mkijua hilo.

Burundi haina sheria ya mirathi iliyoandikwa. Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993 inazungumzia ndoa, talaka na watoto, lakini anapokufa mtu mali yake hugawanywa kwa desturi, na mkishindwana hakimu ndiye anayeamua kwa busara zake. Katiba ya 2018, kama ile ya 2005, inasema raia wote ni sawa na inawatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi serikalini na bungeni. Kwa hiyo mwanamke anaweza kukaa bungeni akapitisha bajeti ya taifa, kisha akarudi kijijini kwao akakuta hana hata tuta moja katika shamba la baba yake. Wanawake wetu walilisema hili mapema. Mwezi Julai 2000, walipokutana Arusha kabla ya kusainiwa mkataba wa amani, haki ya ardhi na mirathi ilikuwamo katika madai yao. Mkataba ulisainiwa tarehe 28 Agosti mwaka huo. Mswada wa sheria ukaandaliwa miaka michache baadaye, na tangu hapo umekuwa ukitolewa kabatini na kurudishwa.

Kwa nini umekwama? Jibu la haraka ni ardhi. Mashamba yetu mengi hayafiki hekta moja, nchi imejaa watu, na sehemu kubwa ya kesi katika mahakama zetu ni za ardhi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mswada umekwama pia kwa sababu watu wawili ambao wangeweza kuusukuma pamoja hawajawahi kukaa mkeka mmoja.

Wa kwanza ni mwanaharakati. Amesoma sheria, anazungumza Kifaransa kizuri, na mikutano yake hufanyika katika hoteli za Rohero. Ana hoja nzito na ana ushahidi. Lakini akisikia neno dini anakunja uso, kwa sababu amezoea kuona dini ikitolewa kama ngao kila mwanamke anapodai chake. Wa pili ni mshika dini: shehe wa Buyenzi au Bwiza, padri, mchungaji wa kanisa la mtaani Kamenge. Yeye husikia habari za mswada kwa mbali, kwa lugha ya ofisini, na anachokisikia ni kwamba kuna watu wanataka kufuta amri ya Mungu kwa fedha za wafadhili. Kila mmoja anamhubiria mtu wa upande wake. Redioni hutukanana kwa adabu.

Sasa nawaomba mfanye hesabu, kwani hesabu ndiyo kazi yenu. Tuchukue shamba la babu. Tuseme lina mistari 28 ya michikichi. Tumekwisha kulipa madeni, tumekwisha kutoa fungu la mjane, na mistari hiyo 28 imebaki kwa watoto wanne: kaka watatu na dada mmoja. Desturi inampa dada sifuri. Basi tumwite shehe, tumwambie agawe kama ilivyoamriwa katika Sura ya An-Nisaa, fungu la mwanamume sawa na mafungu ya wanawake wawili. Kila kaka atapata mistari 8, dada 4. Kisha tumwite mwanaharakati agawe sawa kwa sawa. Kila mmoja atapata mistari 7.

Tazameni vizuri. Kutoka kwenye sifuri ya desturi hadi kwenye saba ya mwanaharakati ni hatua saba, na shehe tayari ametembea nne. Kwa kila kaka, tofauti kati ya shehe na mwanaharakati ni mstari mmoja tu wa michikichi. Hii ndiyo tofauti ambayo kwa miaka zaidi ya ishirini tumeiita vita kati ya dini na maendeleo, na wakati wote huo shangazi yangu na wenzake wamebaki na sifuri.

Sisemi mstari ule mmoja si kitu. Kwa mwanaharakati ni usawa wenyewe, na kwa shehe ni neno la Mungu, na hakuna atakayemwachia mwenzake kwa kunywa naye chai. Ninachosema ni kwamba wote wawili wana mdaiwa mmoja, naye ni desturi inayompa binti sifuri. Shehe anayehubiri juu ya hijabu kila Ijumaa na kunyamaza wakati binti ananyimwa nusu yake ameiacha amri iliyotajwa kwa hesabu, fungu kwa fungu. Kwa hili mwanaharakati ana haki ya kumwuliza maswali, tena kwa kutumia kitabu chake shehe mwenyewe. Lakini ili amwulize, lazima kwanza awe amekisoma.

Kwa desturi pia niseme kidogo, maana nayo haikuwa na roho mbaya kabisa. Baba akipenda alimmegea binti yake igiseke, kipande cha kulima maadamu yu hai, na akiachika alikuwa na mahali pa kurudi. Shida ni hilo neno “akipenda”. Na igiseke haiwekwi dhamana popote.

Upande wa Wakristo, ambao ndio wengi nchini, kuna habari ambayo sielewi kwa nini haihubiriwi zaidi. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Musa hakuwafukuza, wala hakukata shauri peke yake. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na wakapewa haki. Wanaharakati wakiijua habari hii huishia hapo. Mimi nawaomba waendelee hadi sura ya 36, kwa sababu hapo ndipo wazee wa ukoo wanapokuja na wasiwasi ule ule ninaousikia kila siku kijiweni: hawa mabinti wakiolewa na watu wa kabila lingine, ardhi yetu itakwenda wapi? Nao wakasikilizwa. Mabinti walibaki na fungu lao, ila wakatakiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao.

Sharti lile silitaki kwa binti zangu. Lakini mwenendo wa shauri unanivutia: waliodai walisikilizwa, na waliohofu nao walisikilizwa. Hofu ya ardhi kutoka nje ya ukoo si ujinga. Mzee mwenye nusu hekta anapoona mkwe asiyemjua akipima uwanja kwa macho, ana sababu ya kukosa usingizi. Hofu hiyo ina dawa nyepesi kuliko kumnyima binti: akitaka kuuza, ndugu zake wapewe nafasi ya kununua kwanza, kwa bei ya soko na kwa muda uliowekwa. Mwanasheria atawaambia jambo hilo laweza kuandikwa katika sheria bila taabu. Shehe naye atawaambia fikihi inaijua haki ya shufaa, ya mshirika kununua kabla ya mgeni. Wanasema kitu kimoja, kila mtu kwa lugha yake.

Nikiulizwa waanzie wapi, nitasema waanzie kwenye zawadi. Watu wengi wanaoupinga mswada hawajui kwamba umebeba mambo matatu pamoja: mali ya wanandoa, mirathi, na zawadi ambazo mtu hutoa kwa hiari yake. Sisi tumegombana juu ya lile la katikati tu. Lakini Uislamu unamruhusu baba kutoa hiba akiwa hai na mzima, na kuna hadithi maarufu ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi, na Mtume akakataa kuwa shahidi wa upendeleo huo. Wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani na hapa kwetu, wameona katika habari hiyo kwamba ni vema baba awasawazishe watoto wake katika zawadi, wa kike na wa kiume. Basi babu yangu, bila kuvunja hata herufi moja ya dini yake, angeweza kumkabidhi binti yake mistari saba asubuhi moja kabla hajaugua. Mwanaharakati angepata usawa wake, na shehe angekuwa shahidi. Kilichokosekana ni karatasi inayotambuliwa na serikali na mtu wa kumweleza mzee kwamba njia hiyo ipo.

Kuna mtego humo, nao ni vizuri utajwe. Hiba ya midomo ni bure. Baba akifa, kaka watasema mzee hakusema hivyo. Na kwa kuwa hiba ni hiari, mabinti wa wababa wabahili watabaki pale pale. Kwa hiyo zawadi ni mlango wa kuingilia mazungumzo, haiwezi kuwa nyumba nzima. Hata hivyo, watu waliokwisha kukubaliana juu ya jambo moja huwa na sauti tofauti wanapofika la pili.

Jambo la mali ya wanandoa linawagusa wafanyabiashara kuliko yote, na hapa nadhani mwanaharakati atashangaa. Sheria yetu ya 1993 inamtaja mume kuwa kichwa cha familia, na katika nyumba nyingi maana yake ni kwamba faranga za mama anayevuka mpaka wa Kobero usiku na magunia yake ni faranga za baba. Mwulize shehe yeyote aliyesoma: mali ya mke katika Uislamu ni ya mke. Mume hana haki ya kuigusa bila ridhaa yake, na bado yeye ndiye anayepaswa kulisha nyumba. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara ya kwenda Sham, na Mtume kabla ya utume alimfanyia kazi ya kusafirisha bidhaa zake. Kwa mtaji wa mwanamke, shehe wa Buyenzi ana msimamo mkali zaidi kuliko kanuni ya serikali. Mbona hakuna aliyemwita kwenye semina akaulizwe?

Mazungumzo haya hayawezi kuishia ndani ya mipaka ya Burundi, kwa sababu nyinyi hamuishii humo. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na soko la pamoja likaanza Julai 2010. Lakini itifaki ya soko hilo, ibara ya 15, inasema wazi kwamba ardhi itafuata sheria za kila nchi. Bidhaa zinavuka, urithi unabaki forodhani. Rwanda ilitunga sheria mwaka 1999 iliyowapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa. Kongo ina Kanuni yake ya Familia tangu 1987, iliyorekebishwa 2016. Tanzania ina sheria ya ndoa ya 1971 inayokubali ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, zote zikiandikishwa. Kwetu ndoa ya wake wengi imekatazwa.

Sasa mchukue mfanyabiashara mwenye mke Bujumbura na mke Kigoma. Nawajua kadhaa, nao wananijua, kwa hiyo sitaji mitaa. Akioa mke wa pili Kigoma, mke huyo anaweza kuwa na cheti. Akimwoa Buyenzi, ana shehe na mashahidi tu, na mbele ya serikali ni hawara. Mwezi Mei 2017 Rais Pierre Nkurunziza alipoagiza wote wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla ya mwaka kwisha, wanawake wa namna hiyo walijikuta hawana pa kusimama: ndoa yao haikuweza kuandikishwa, na kutengana maana yake ilikuwa kuacha mtaji uliomo katika duka la pamoja. Siwaombi wanaharakati wakubali ndoa za wake wengi. Nadhani wana haki ya kuzipinga, na katika hili mimi niko karibu nao kuliko shehe wangu. Ila kumpinga mume kusiwe kumwadhibu mwanamke na watoto. Na shehe anayefungisha ndoa akijua serikali haitaitambua, basi siku hiyo hiyo aandike mbele ya mashahidi ni mali gani mwanamke ameingia nayo, la sivyo ameshiriki kumdhulumu.

Jirani zetu wamejaribu njia mbalimbali, na mnaweza kujifunza kwa kutazama nani alimwita nani mapema. Uganda ilipoleta mswada mmoja wa familia kwa watu wote, Waislamu waliandamana Kampala mwaka 2005, ukakwama, na baadaye ukagawanywa, wa ndoa na talaka upande mmoja na wa Waislamu upande wake. Kenya ilitunga sheria ya mirathi mwaka 1972 kwa wote, na baada ya malalamiko ya miaka mingi Waislamu wakatolewa humo mwaka 1990. Tanzania ilianza kwa kutoa waraka wa serikali mwaka 1969, watu wa dini na wasio wa dini wakausoma, wakabishana, na sheria ikaja miaka miwili baadaye. Haikuwa kamilifu, umri wa ndoa wa binti bado unawaumiza vichwa hadi leo. Lakini sheria ile ilipitishwa na inafanya kazi.

Kwetu hapa wa kukaa wapo. Chama cha Wanasheria Wanawake wa Burundi kipo. Jumuiya ya Waislamu, COMIBU, ipo, na maaskofu wana baraza lao. Ninachotaka ni wakae mahali ambapo mwenye shauri anaweza kuingia bila kuwa na kadi ya mwaliko. Ruvumera kuna kumbi, na hata bila ukumbi kuna miti. Na lugha iwe Kirundi na Kiswahili. Mara nyingi nimeona mswada ukijadiliwa kwa Kifaransa mbele ya akina mama wanaotikisa kichwa kwa heshima, kisha ripoti ikaandika kwamba walengwa wameelewa. Shehe naye akipanda mimbari na Kiarabu tupu, yale yale.

Wiki iliyopita niliichukua hesabu ile ya mistari 28 nikaipeleka kwa shangazi, pale kwenye madumu yake. Aliisikiliza huku akimpimia mteja. Kisha akaniuliza mistari minne hiyo ni ipi, kwa sababu baba yako mdogo alikwisha kuuza upande wa barabarani. Sikuwa na jibu. Nimezungumza na ndugu zangu wawili. Mmoja amekubali tukae, mwingine anasema mambo ya wazee yalikwisha na wazee. Tutakutana Jumapili hata hivyo, nyumbani, katika nyumba ile ile. Shangazi amesema atakuja, na ametaka kitu kimoja tu: tukifika kuandika, karatasi iandikwe kwa Kiswahili, aisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi.